Matofali Yaliyokataa Kugawanyika

Mtu mmoja, Lusekelo, alikuwa na mke, tanuru la matofali, na dada mwenye maneno mengi.

Kwa miaka tisa ya ndoa Tumpe, mkewe, hakushika mimba. Dada, jina lake Ambwene, akamwita tasa mbele za watu, akamtafutia kaka yake mchumba, na siku ya kupeleka posa ikapangwa. Tumpe akaanza kufunga mizigo yake, maana alijua mwenzake akiingia, yeye atarudishwa kwao. Lusekelo alimpenda mkewe na alimwogopa dada yake. Mtu wa namna hiyo hatafuti ushauri, hutafuta ishara. Akaapa: matofali yote aliyofyatua na Tumpe yakipangika mafungu yaliyo sawa, lisibaki hata moja, atajua Mungu ameibariki posa.

Akahesabu. Yalikuwa elfu kumi, na mengine saba.

Akapanga mawili mawili, likabaki moja. Matatu matatu, yakabaki mawili. Saba saba, yakabaki manne. Alipofika kumi na tisa yakabaki kumi na matatu, na mgongo ukawa hauinuki. Hakujua afurahi au alie. Ambwene akasema amekosea kuhesabu, naye akahesabu upya, yakawa yale yale. Siku ya nne kichwa kilimvurugika hata akasahau kama anaomba yagawanyike au yasigawanyike.

Ndipo akamwita mwalimu wa hesabu, mama mmoja mpole aitwaye Sekela. Mwalimu akaketi na karatasi asubuhi nzima, kisha akamwambia asijichoshe bure, namba hiyo ni tasa.

Ambwene akapiga makofi. Hata matofali yamesema! Tumpe, aliyekuwa mlangoni, akaingia ndani kuchukua mizigo. Mwalimu akawatazama mmoja mmoja, haelewi amewakosea nini. Alipoambiwa, akamgeukia Lusekelo, akasema:

“Kaka, tasa ni jina tu tulilozipa namba hizi, kwa kuwa hazikubali kugawanywa. Lakini chukua namba yoyote inayogawanyika, iwe kubwa vipi, uichambue mpaka mwisho: utakuta imezaliwa na hizo hizo tasa.”

Lusekelo hakuielewa hesabu hiyo. Aliomba arudiwe mara mbili, na mara ya pili akachanganyikiwa zaidi ya ya kwanza. Alichokielewa ni kimoja: kwamba neno alilomwachia dada yake alitumie miaka yote hiyo, hakuwahi kuuliza maana yake. Akaona aibu. Akaingia ndani, akaipokonya mizigo mikononi mwa mkewe, akaifungua mwenyewe, na kwa mchumba akatuma ujumbe kwamba wasimngoje.

Nanyi mnaonisikiliza, ni nani nyumbani kwenu mliyempa jina, kwa kuwa tu alikataa kugawanyika mlivyotaka ninyi?