Mama Aliyetaka Kubaki na Kiini

Wapendwa, leo nataka kuwasimulia habari ya mama mmoja tutakayemwita Tusekile. Jina nimelitunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kugeuka na kutazamana huko nyuma.

Tusekile aliishi Mbeya na mume wake, Anyosisye, na binti yao mdogo, Lugano. Alikuwa na duka la vitenge sokoni. Alipotoka kwenye uzazi na kurudi dukani, dada wa mume wake alikuja kuishi nao ili amlee mtoto. Dada huyo aliitwa Subilaga. Alikuwa mjane, na Mungu hakumjalia mtoto. Akamchukua yule mtoto kama yai. Akamwogesha, akampikia uji, akambeba mgongoni akimwimbia mpaka analala. Tusekile mwenyewe alikuwa akiwaambia wenzake sokoni, "Mimi kwa wifi yangu nimepata bahati."

Basi jioni moja alirudi kutoka dukani, akamkuta Lugano anacheza uani. Mtoto alipomwona mama yake akaanza kumkimbilia, akajikwaa, akaanguka, goti likachubuka. Tusekile akatupa mkoba chini, akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akainuka analia. Akampita mama yake, mikono ile ikiwa wazi, akakimbia mpaka jikoni kwa shangazi yake.

Akina mama mliomo humu, mnajua mikono ile inakuwaje ikirudi mitupu?

Subilaga naye akajitahidi kurekebisha mambo. Akamwambia mtoto, "Nenda kwa mama. Mama amerudi, nenda." Kumbe maneno yale ndiyo yaliyomchoma Tusekile zaidi. Akasema moyoni, "Yaani mtoto wangu mwenyewe napewa kwa kuhurumiwa!"

Tangu siku ile hakumtazama tena wifi yake kwa jicho lile la zamani. Uji ukawa mzito mno. Kesho yake ukawa mwepesi mno. Subilaga akimsuka mtoto mchana, jioni Tusekile anafumua zile nywele na kuzisuka upya, mtoto analia, naye anasuka tu. Wivu ulimkaa kooni, akawa anakula nao, analala nao, anakwenda nao dukani. Wateja wanachagua vitenge, yeye anawaza: saa hizi kambeba. Saa hizi anamwimbia.

Siku hizo kukawa na semina ya ndoa mjini, naye akahudhuria. Mwezeshaji akawafundisha juu ya kitu kinachoitwa familia kiini. Akawaeleza kwamba wataalamu wa mambo ya jamii walilitoa jina hilo kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kiini cha kokwa, ile sehemu ya katikati kabisa, wakalitumia kumtaja baba, mama na watoto wao. Ni maelezo mazuri, wala hayana kosa lolote. Mwezeshaji aliendelea kueleza mambo mengine mengi, lakini Tusekile hakuyasikia tena. Alikuwa amepata neno alilokuwa analitafuta.

Akarudi nalo nyumbani. Akamwambia mumewe, "Baba Lugano, sisi ni familia kiini. Mimi, wewe na mtoto."

"Na dada?"

"Dada ni ukoo. Ukoo tunautembelea. Haukai ndani ya nyumba yetu."

Anyosisye alitaka kusema kitu. Lakini alikuwa mtu wa kupenda amani, akaona akinyamaza atakula chakula chake kwa utulivu. Akanyamaza. Akina baba, mnanielewa.

Kwa hiyo Tusekile ndiye aliyemwambia wifi yake. Subilaga akauliza, "Wifi, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Tunajipanga tu."

Subilaga akakunja kanga zake. Hakupiga kelele, hakuita wazee. Aliomba jambo moja tu: "Basi niondoke akiwa amelala, asije akalia." Na hata hilo likamuudhi Tusekile. Akajibu, "Namna ya kumtuliza mwanangu naijua mwenyewe." Asubuhi Subilaga akaondoka kwenda kwao Tukuyu, na mtoto akalia mpaka sauti ikakauka.

Je, Tusekile akapona? Ndugu zangu, angepona, leo nisingekuwa na la kuwahubiria.

Akaacha duka mikononi mwa mdogo wake, akakaa nyumbani na mtoto. Palikuwa na bibi mmoja jirani, ambaye Lugano alianza kwenda kwake kutazama vifaranga. Mtoto akirudi, hadithi zote ni za bibi. Bibi kasema hivi, bibi kanipa kiazi. Tusekile akafunga geti. Bibi alipokuja kubisha, akaambiwa mtoto amelala, na mtoto yuko pale nyuma ya mlango anamwita.

Nyumba sasa ikawa kama alivyotaka. Baba, mama, mtoto. Kokwa limemenywa, kimebaki kiini.

Miezi ikapita. Jioni moja wamekaa mezani. Tusekile anamlisha mtoto wali. Anyosisye akaingia kutoka kazini. Lugano akateremka kwenye kiti, akamrukia baba yake, akakaa mapajani mwake, akaukataa mkono wa mama. "Baba anilishe." Anyosisye akacheka, akachukua kijiko. Wakawa wanakula na kuchekeana, wote wawili. Na Tusekile, aliyekaa upande wa pili wa meza, akasikia ule wivu unapanda tena. Uleule. Na kabla hajajizuia, mdomo wake ukasema:

"Utamharibu mtoto! Afadhali ungekuwa unachelewa kurudi."

Anyosisye akaweka kijiko chini. Akamtazama mkewe, akasema taratibu, "Mama Lugano, na mimi nihame?"

Tusekile aliona aibu hata mbele ya mtoto. Alidhani alikuwa anamlinda mwanawe na watu wa nje. Kumbe ule wivu haukujali nani wa nje na nani wa ndani. Ulikuwa umemmaliza wifi, ukammaliza jirani, sasa umefika kwa mume wake, na bado una njaa.

Kesho yake akambeba mtoto, akapanda gari kwenda Tukuyu. Akamkuta Subilaga shambani kwake, anachuma maharage. Tusekile akasimama pembeni ya matuta, hajui aanzie wapi.

"Wifi, nilikuonea wivu," akasema.

Subilaga akaendelea kuchuma kidogo, kisha akasema, "Najua. Na mimi nilikuonea wewe."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kila jioni nikisikia mlango, nilikuwa naomba moyoni iwe ni mtu mwingine. Uchelewe kidogo tu. Nilijua ipo siku atakua, atakukimbilia wewe, na mimi nitabaki shangazi. Siku ile alipokupita akaja jikoni kwangu, mdomo wangu ulisema nenda kwa mama, lakini moyo wangu ulifurahi. Ulifurahi sana, wifi. Nisamehe."

Wakasimama pale wakitazamana, wanawake wawili, ambao kila mmoja alikuwa amemwonea mwenzake wivu ndani kwa ndani katika nyumba moja.

Kisha Subilaga akafuta mikono, akainama, akamnyooshea mtoto. "Lugano, njoo kwa shangazi."

Mtoto akamtazama. Akarudi nyuma. Akashika sketi ya mama yake kwa mikono yote miwili, akaficha uso.

Amemsahau.

Wapendwa, hiki ndicho Tusekile alichokuwa akikitamani siku zote. Mtoto amemkumbatia yeye, tena mbele ya yule yule mwanamke. Amekipata. Na alipokipata, akakaa chini kwenye udongo, akalia.

Subilaga hakurudi Mbeya siku ile. Alisema amalize kwanza kuvuna. Baadaye alikuja, na ilichukua muda mtoto kukubali kubebwa naye. Ilibidi Tusekile mwenyewe awe anamshika mkono na kumpeleka.

Sasa tuseme na sisi. Familia kiini ni jina la wasomi, nao walilitoa ili kueleza namna watu wanavyoishi. Hawakutupa amri ya kufukuza mtu. Hata neno familia lenyewe, kwa wale Walatini wa kale, lilimhesabu kila aliyekuwa chini ya paa la nyumba, mpaka watumishi. Sisi ndio tunaolichukua neno zuri na kulifanya fimbo. Tunasema "tunajipanga," kumbe tunaona wivu. Tunasema "tunataka faragha," kumbe hatuvumilii kuona mtoto wetu akipendwa na mtu mwingine.

Mtoto akipendwa na wengi, wewe unapungukiwa nini? Nani alikuambia kwamba mapenzi ya mtoto ni sufuria moja, mwingine akichota wewe unalala njaa?

Na wewe baba uliyenyamaza ukamwacha dada yako akunje kanga zake, usijifiche nyuma ya mkeo. Ulimwona anaondoka.

Kila mmoja wetu humu ana mtu aliyemfungia geti. Unamjua, jina lake limekujia tangu nilipoanza kusema. Leo, kabla hujala chakula cha mchana, mtafute. Usimwandikie ujumbe. Mpigie, asikie sauti yako, kisha mpe mtoto simu, amsalimie shangazi yake angali anamkumbuka.