Fisi na Uzio wa Kisimani

Paukwa, wenzangu!
— Pakawa, na tumeshakaa.
Masikio mmekuja nayo?
— Yote mawili.

Basi, Bonde la Mivumo lilikuwa na kisima. Wanyama walikichimba pamoja, wakala kiapo pamoja: kisima kimoja, wanywaji wote. Kila baada ya mvua walizoa tope pamoja. Mwenyekiti wao, Nyati, walimchagua kwa kura za kokoto.

Siku moja Fisi akasimama mkutanoni. "Radi imesema nami. Sisi tunaoiabudu hatunywi tena na nyinyi. Wote wenye ibada yao wana haki ya fungu lao."

Akazungushia miiba jicho la maji, pale yanapobubujika kisimani. Chaka, chaka, chaka. Mbweha na Ngiri, walioiabudu Radi pia, wakaingia naye ndani.

Nyati akainamisha pembe. "Nimvurumishe?"

"Hapana, Mwenyekiti," akasema Pimbi, mnyama mdogo, mama wa watoto wanne wenye kiu. "Ukimpiga, kesho atapata wafuasi kumi. Tumwachie sheria yake."

Akamwendea Mbweha. "Ndugu yangu, wewe huiabudu Radi umesimama. Fisi huchuchumaa. Mnachanganyikaje?"

Mbweha akawaza, akatoka kando. Akaweka uzio wake. Chaka, chaka, chaka.

Pimbi akamwendea Ngiri. "Ndugu yangu, wewe hupiga magoti. Hao wengine wanakuonaje?"

Ngiri akawaza, naye akatoka kando. Akaweka uzio wake. Chaka, chaka, chaka.

Fisi akanuna. Pimbi akamwambia, "Haki ya fungu lao, baba. Ulisema mwenyewe."

Fisi akabaki na jicho la maji peke yake, akacheka wiki nzima, wengine wakinywa yaliyovuja nje ya miiba. Kisha mvua ikanyesha. Tope likaporomoka, pwaa, jicho likaziba. Fisi akazoa kwa kucha, akazoa kwa mdomo. Tope likarudi, pwaa.

"Njooni mnisaidie," akaita.

"Tungependa," akajibu Pimbi, "lakini mikono yetu si ya ibada yako."

Siku tatu wanyama walilamba umande. Watoto wa Pimbi walilia, naye roho ikamuuma vibaya, lakini hakusogea. "Uzio ataung'oa aliyeuweka," akasema.

Siku ya nne Fisi akang'oa miiba yake kwa meno. Mbweha na Ngiri wakang'oa yao. Wote wakaingia topeni, na maji yakatoka, bwi bwi bwi. Watoto wa Pimbi wakanywa wa kwanza.

"Na Radi yangu?" Fisi akauliza kwa sauti ndogo.

"Iabudu utakavyo," akasema Pimbi. "Chuchumaa, simama, lala chali. Tope tunazoa wote."

Funzo lake, wenzangu: ukitaka kujitenga, jitenge kiangazi, kabla ya tope.

Ngano yangu imekaukia hapo. Mwenye kiu akachote.
— Tunakwenda na ndoo.