Msomaji wa Saa Tisa

Asiyeambiwa basi huchota hata kisima kikauke. Mmemsikia shangazi yenu akimtupia Gwakisa maneno hayo, baada ya Gwakisa kuacha pampu ikinguruma mpaka ua ukawa bwawa. Mkacheka, kisha mkaniuliza ni ya wahenga gani. Wahenga! Wahenga wa methali hii walivaa viatu vya ngozi na kunywa chai ya maziwa kazini. Haya, kaeni, na mwenye simu aiweke chini, maana chimbuko lake ni hili.

Palikuwa na hospitali kubwa huku milimani kwenye mvua isiyokwisha. Picha za wagonjwa, za vifua na mifupa na vichwa, zilikuwa zimeacha kuchapwa. Zilihifadhiwa katika mtambo mmoja uliojaa diski, mrefu kama kabati la nguo, na wafanyakazi wote waliuita Ghala. Daktari aliyetaka picha aliiita kwenye kompyuta yake, na Ghala likamletea kufumba na kufumbua.

Mlezi wa Ghala alikuwa Sekela, mwanamke mkaidi asiyependa kuambiwa kuwa jambo haliwezekani. Kazi ile aliirithi kwa Mzee Ambakisye, aliyelijenga Ghala kwa mikono yake, akafia mezani pake alasiri moja, chai ikiwa bado ina joto kikombeni. Nyumbani kwake matanga yalianuliwa na vitu vyake vikagawiwa kama ada inavyotaka. Kazini hakuna aliyethubutu. Sweta lake la kijivu lilibaki kwenye kiti na kompyuta yake ikabaki ikiwaka. Mama Ikupa, mkuu wa chumba cha picha, alifuta vumbi kila asubuhi bila kusogeza kitu. Nani atamzimia marehemu taa? Walimheshimu mno, na hilo ndilo kosa lao.

Muda ukapita, Ghala likaanza kuugua. Asubuhi lilikuwa zima. Ikifika saa tisa alasiri, picha zilianza kuja kwa kujivuta, kipande baada ya kipande kutoka juu kwenda chini, kama maiti anayefunuliwa shuka. Na saa hiyohiyo vitaa vya kijani kwenye diski viliwaka kimoja baada ya kingine, kushoto kwenda kulia, safu kwa safu, kana kwamba mtu anapitisha kidole kwenye rafu akitafuta kitu. Mlango umefungwa. Ndani hamna mtu. Wauguzi waliopita ushorobani walishusha sauti wakaambiana, "Mzee kaingia."

Sekela hakutaka kusikia habari za vivuli. Alibadilisha diski aliyoishuku, akabadilisha kebo, akaleta feni mpya. Akaita fundi kutoka mjini, naye akalipima Ghala asubuhi, akasema halina neno, akala wali wake, akaondoka. Alasiri vitaa vikatembea tena.

Kisha akafa mtu. Alikuwa mwashi aliyeanguka kutoka juu ya jengo, na picha yake ilipochelewa, walimpasua kwa kukisia. Sekela alikutana na mke wake getini, ameshika viatu vya mumewe ndani ya mfuko wa plastiki. Alijua kwamba akiletwa mwingine saa ile, naye atakufa, na lawama itakuwa yake.

Na mwingine akaletwa. Mtoto wa kike, kaanguka kutoka kwenye mparachichi, damu inavuja ndani ya kichwa. Saa tisa ilipotimia, Dakta Mwakitalu, mpasuaji, alikuwa amekwisha kunawa mikono.

Sekela alisimama mbele ya Ghala akavitazama vitaa vikianza safari yao. Akaweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa la moto. Ndipo wazo likamjia, na lilimtisha kuliko vivuli vyote: Ghala haliumwi, linafanya kazi. Kwao, maji yakitiririka kidogo bombani, mama yake hakuligonga tangi. Alizunguka kutafuta ni nani kafungua koki kule bondeni. Wiki zote zile yeye alikuwa akiliuliza Ghala linaumwa nini. Hakuwahi kuuliza ni nani anachota.

Akauliza. Skrini ikamwonyesha wachotaji. Wodi hii kikombe, wodi ile kikombe. Na mmoja anayechota kuliko wote wakiwekwa pamoja, jina lake Ambakisye.

Picha alizokuwa akizifungua marehemu zilipita chini ya jina lake, moja baada ya nyingine, na majina ya wenyewe Sekela aliyafahamu. Kifua cha nyanya yake, waliyemzika kabla ya Ghala kuwa na umri wa mwaka. Goti la mlinzi wa zamani. Alikuwa anawasoma wote, wafu na wazima, kwa mpangilio waliofika, akisogea kuelekea walioletwa leo.

Sekela akakimbilia kwenye meza ya mzee. Mama Ikupa alikuwapo na kitambaa chake.

"Usiguse kiti hicho, mwanangu."

"Mama, Mzee bado yuko kazini."

"Hilo tunalijua sote."

"Hamlijui. Tazama." Akaiamsha skrini ambayo kila mtu alidhani imelala. Ilikuwa ikikimbiza mistari. "Alipohamisha picha kutoka kwenye kabati la zamani, aliiagiza kompyuta hii ipitie zote, ya kwanza hadi ya mwisho, kila siku kuanzia saa tisa, ihakikishe hakuna iliyopotea. Zilikuwa chache, ilimaliza kabla chai haijapoa. Sasa zimekuwa nyingi, inasoma mpaka usiku. Akafa kabla ya kuisimamisha."

"Na ukiikatiza, picha zikapotea? Si ndiye anayezilinda?"

Simu ikalia. Sauti ya Dakta Mwakitalu ilikuwa kavu. "Sekela, nimeona utosi tu. Nikingoja, mtoto anakufa. Nikikata kwa kukisia, nitamuua mimi."

Mama Ikupa akarudi nyuma hatua moja. Sekela akaketi. Sweta likamgusa mgongo, naye angeapa kwamba lilikuwa na joto.

"Mzee," alisema, "picha zote zipo. Hakuna iliyopotea. Basi."

Akabonyeza.

Ghalani vitaa vilisimama katikati ya safu. Mvumo ambao wote walikuwa wameuzoea hata wakasahau kuwa wanausikia ukakatika. Kisha simu ikasema, "Imefunguka. Naiona damu ilipo." Ikakatwa.

Kwenye skrini ya mzee palitokea mstari mmoja. Aliuandika mwenyewe akiwa hai, ajisomee siku ya kumaliza: *Haya basi, Ambakisye. Nenda nyumbani.*

Mama Ikupa alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata msibani. "Ndaga fijo, tata," alimshukuru kwa lugha ya kwao. "Tulikufutia vumbi tu. Hakuna aliyekuambia basi." Akamgeukia Sekela, macho mekundu. "Asiyeambiwa basi, mwanangu, huchota hata kisima kikauke."

Jioni ile Mama Ikupa alilikunja sweta, akampelekea mjane wa mzee. Kesho yake saa tisa wauguzi walisimama ushorobani wakingoja. Hakuingia mtu.

Mnauliza habari za yule mtoto. Si mmemwona asubuhi akipiga kelele uani, maji yamemfika vifundoni? Siku akivua kilemba, tazameni kovu lililo juu ya sikio lake. Alilelewa akiambiwa maneno ya Mama Ikupa, ndiyo maana hayasemi kwa mzaha. Gwakisa, mbona unainuka? Nenda, nenda ukaitazame pampu yako. Asiyeambiwa basi huchota hata kisima kikauke.