Kiboko Aliyekata Uvimbe Akaacha Shina

— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Na vicheko je?
— Vimo vinywani!
— Basi vitoeni polepole, maana leo nawaletea Kiboko.

Hapo kale Kiboko alikuwa mganga mkuu wa bonde. Nani alimpa cheo? Tumbo lake. Lilimtangulia kila mahali, na wanyama wakadhani ndani mna elimu.

Paa alikuwa na binti mdogo, Somoe. Somoe akaota uvimbe tumboni. Paa akampeleka kwa Kiboko. Kiboko akakata, kwacha! “Kazi imekwisha,” akasema, akachukua malisho ya ukingoni kuwa ujira wake. Nya nya nya, akayamaliza.

Uvimbe ukarudi. Kiboko akakata, kwacha! “Kazi imekwisha,” akasema, akachukua malisho ya kilimani. Nya nya nya, akayamaliza.

Uvimbe ukarudi tena. Sasa macho ya Somoe yalizungukwa na weusi kama aliyepigwa, mifupa ikamuuma, hata kusimama hawezi. Na Paa mama yake, kwa kukosa majani, maziwa yalimkauka.

“Mganga, mbona unarudi?” Paa akauliza.

“Haurudi. Huo ni mwingine. Malisho ya bondeni bado yapo?”

Sange, yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, alikuwa jirani yao. Aliposikia hayo moyo ulimchemka. Akakimbia, ti ti ti, hadi ng'ambo ya mto kwa Korongo, tabibu wa watoto, akamweleza yote.

Korongo akatikisa kichwa. “Hiyo ni saratani ya mishipa ya fahamu, ile ya watoto. Kuna chembe changa zilizopaswa kukua ziwe mishipa, zikagoma kukua. Baadhi yake ni seli shina, yaani chembe mama zinazozaa nyingine. Hizo hujificha hadi ndani ya uboho wa mifupa, zikalala, kisha zikazaa uvimbe upya. Huyo bwana anakata matawi tu.”

“Dawa ipo?”

“Ipo, lakini kali, huua hata uboho. Kwa hiyo kwanza tunamtoa mtoto seli shina zake njema, zile zinazozaa damu, tunazihifadhi. Dawa ikishapita, tunamrudishia. Halafu tunampa dawa nyingine ya kuzilazimisha zile zilizogoma zikue. Siahidi atapona. Mlete upesi.”

Tatizo, sheria ya bonde ilikataza mgonjwa kuhamishwa kabla mganga wake hajatamka kuwa amepona. Na Kiboko amwachie Somoe, malisho ya bondeni hajayala? Thubutu!

Sange akawaita wanyama wote uwanjani. Akamwinamia Kiboko hadi pua ikagusa vumbi.

“Mheshimiwa Mganga Mkuu, kuna wanaosema umeshindwa.”

“Nani?” Kiboko akavimba, vuu!

“Wapumbavu tu. Wanasema Somoe bado mgonjwa.”

“Nimemkata mimi, awe mgonjwa vipi? Amepona!”

“Walio nyuma hawajasikia, mheshimiwa.”

“AMEPONA! SI MGONJWA WANGU TENA!”

“Mmesikia wote?” Sange akageuka. “Haya, dada Paa, mbebe mwanao.”

Paa akambeba Somoe mgongoni, puru! wakavuka mto. Kiboko akabaki kinywa wazi, na kinywa cha Kiboko mnakijua. Angesema nini? Kwamba hajapona?

Kwa Korongo, Somoe alitapika, manyoya yakamnyonyoka, akalia hadi sauti ikakauka. Kuna siku Paa alidhani amempoteza. Kisha seli zake njema alizorudishiwa zikashika mahali pake, damu ikaanza kujijenga, mifupa ikaacha kuuma. Asubuhi moja akasimama, miguu ikitetemeka, akaomba majani. Paa akaketi chini akalia. Sange akageuza uso, akasingizia mafua.

Na Kiboko? Akatangaza kuwa ni yeye aliyemponya. Si alitamka mbele ya wote? Wanyama wakampigia makofi, pa pa pa, wakamvisha nishani.

Funzo ni hili, wanangu: mheshimuni kila mkubwa anayejisifu, maana yeye hakosei kamwe. Wanaokosea ni wagonjwa, kwa ukaidi wao wa kutopona.

Ngano yangu imefika kizingitini. Aliyeipenda aondoke nayo. Iliyemchukiza akamshtakie Kiboko.