Nyuki wa Almasi

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao.

Palikuwa na zimwi lililojigeuza bwana mtanashati. Likichumbia, huleta bruchi ya kale ya Kifaransa, pambo la kubana kifuani, umbo la nyuki, almasi tupu. Mwanamke akiivaa, nyuki humeza sauti yake. Dada wawili wa msichana mmoja, Mize, lilishawaoa, maana zimwi halijui haramu, na sasa wanalifuata nyuma, mabubu, wakilibebea kiti.

Likaja kwa Mize. "Vaa, mpenzi."

"Sivai."

"Vaa, nakuomba."

"Sivai hata uote pembe."

"Vaa, au nakumeza!"

"Haya, nitavaa. Lakini kwetu bi harusi havai kitu kisichofukizwa udi. Au kwenu mnavaa na vumbi lake?"

Zimwi likacheka: moshi tu, utanifanya nini? Mize akaiweka bruchi juu ya chetezo, akapuliza makaa. Nyuki gani anastahimili moshi? Akapiga mbawa, akaruka, akalichoma zimwi ulimini. Ulimi ukavimba, ukaziba koo, likafa. Nyuki akaanguka, almasi tena.

Papo hapo dada wakarudiwa na sauti. Neno la kwanza walilolitupia lile zimwi, silitamki mbele ya watoto wenu.

Bruchi anaivaa Mize, na kunyamaza hanyamazi.