Karamu ya Arobaini

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Ghalibu, muuza sufuria, ambaye siku ya kumwoza binti yake alimtaka mpishi alipe pilau yote iliyomwagika, kwa kuwa sufuria ilipasuka. Na sufuria hiyo mpishi aliuziwa na nani? Na huyo huyo Bwana Ghalibu. Msicheke bado, hamjasikia kitu.

Bwana huyu akiwa dukani alikuwa na maneno matamu. "Sufuria zangu za shaba zina dhamana ya karamu arobaini," alikuwa akisema. "Ikipasuka kabla hazijatimia, njoo uchukue mpya." Watu wakanunua. Na kweli arobaini zilifika, ila iliyofika arobaini na moja mimi sijapata kuisikia.

Kuhesabu, hakumwachia mtu. Kila penye harusi au hitima alikwenda mwenyewe na patasi mfukoni. Wenzake wakitoa mkono wa pongezi, yeye alipita moja kwa moja mpaka uani, akasubiri mpishi apalie makaa juu ya mfuniko, kisha akachonga alama moja kwenye mkono wa sufuria. Karamu imehesabiwa! Hapo ndipo alipokwenda kuwapongeza maharusi, kama bado wapo.

Mpishi wetu aliitwa Bi Kazija. Mjane, mwembamba, ulimi anao. Aliuza bangili zake zote akanunua sufuria moja kwa Ghalibu, na sufuria hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake aliyekuwa kitandani. Ghalibu hakumpenda hata kidogo, lakini pilau yake aliipenda, basi harusi ya bintiye akampa yeye.

Siku ikafika. Wageni mia tatu wamekaa mikekani uwanjani. Kadhi Mbaruku amekwisha fungisha ndoa, amenawa mikono, amekunja mikono ya kanzu. Huko uani Kazija akapalia makaa. Ghalibu, na joho lake la harusi, hakuweza kujizuia. Akachomoa patasi, akachonga alama ya arobaini kwenye mkono wa sufuria, akairudisha patasi mfukoni.

Wanaume wanne wakaishika sufuria kuitelemsha. Wakainua. Sufuria ikaja, kitako kikabaki mafigani. Mchele, nyama, viazi, vyote chini kwenye majivu.

"Umeniaibisha!" Ghalibu alipiga kelele. "Utaingia jikoni kwangu, unipikie mwaka mzima bila ujira, mpaka pilau yangu irudi!"

"Na sufuria yangu, bwana?"

"Sufuria gani? Hesabu alama!"

Kazija akaogopa, sitawaficha. Mwaka mzima jikoni mwa mtu yule, na mama nani atamgeuza kitandani? Lakini hakulia. Akaomba aitwe Kadhi; wakaingia ukumbini, na Kadhi akaja, mikono bado imelowa.

"Semeni upesi," alisema Kadhi, maana tumbo lilikwisha anza kunguruma.

"Shehe, nina maswali mawili matatu tu," alisema Kazija. "Bwana Ghalibu, dhamana yako inakwisha lini?"

"Karamu ya arobaini ikisha."

"Na hii ya leo ni ya ngapi?"

"Ya arobaini. Nimechonga kwa mkono wangu."

"Imekwisha?"

"Imekwisha! Makaa yakishapaliwa, kwangu mimi imekwisha. Sufuria imepasuka baada ya hapo. Umechelewa."

"Nimechelewa kiasi gani?"

"Kiasi cha kutia patasi mfukoni. Kuchelewa ni kuchelewa!"

"Sina ubishi. Shehe, umemsikia mwenyewe. Karamu ikiwa imekwisha, na mimi kazi yangu imekwisha. Nimfidie nini?"

"Pilau!" alifoka Ghalibu. "Watu hawajala!"

"Ah. Kumbe haijakwisha?"

"Haija..." Ghalibu akajishtukia. Akafikiri. "Kwa upande wa sufuria imekwisha. Kwa upande wa pilau bado."

Kadhi akakuna ndevu. "Ghalibu, leo nimealikwa karamu moja, si mbili. Chagua. Ikiwa bado, chombo kimepasuka ndani ya dhamana yako: mpe sufuria mpya, umpe na mchele na nyama, apike tena. Ikiwa imekwisha, mama huyu humdai kitu, aende zake. Na utakalolisema hapa, utalisema kila mahali."

Ghalibu akapiga hesabu kichwani. Sufuria mpya! Tena kubwa! Na akimpa huyu, kesho mji mzima utajipanga dukani na sufuria zisizo na vitako. Choyo kikamshinda.

"Imekwisha," alisema. "Namwachia pilau. Lakini sufuria hapati."

"Hilo ndilo neno lako?" aliuliza Kadhi.

"Ndilo. Karamu ya arobaini imekwisha, na popote nitasema hivyo hivyo."

"Nimeridhika," alisema Kazija. Akajifunga kanga yake vizuri, akaokota mwiko wake.

Kule nje mgeni mmoja alikuwa ameanza kugonga sinia kwa vidole. Wa pili akamwitikia. Mara sinia zote uwanja mzima zikawa zinagongwa, na mzee mmoja mwenye sauti nene akauliza kama huyo mbuzi ndiyo kwanza anatafutwa.

"Mbona huendi?" Ghalibu alimwuliza.

"Naenda, bwana. Ila imebaki kazi ndogo, nayo si ya mpishi, ni ya mwenye nyumba." Kazija akalishika pazia la mlango, akalifungua wazi, uwanja wote ukaonekana, watu mia tatu wamegeuza shingo. "Tafadhali pita, ukawaambie wameshiba."