Jumamosi Iliyokataa Kuisha

Hapo zamani za kale, enzi ambazo siku zilikuwa bado hazijazoea kufuatana, kila nyumba ilijihesabia wiki yake yenyewe. Hapa ni Jumatatu, kwa jirani bado Alhamisi, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Msinicheke! Ndivyo ilivyokuwa. Ukungu wa asubuhi ulikaa mpaka adhuhuri, na wanyama walitembea ndani yake taratibu kama watu waliotoka usingizini sasa hivi.

Chini ya jabali moja refu palikuwa na ufa, na ndani ya ufa palikuwa na nyumba ya pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama mdogo, mnene, asiye na mkia. Ukimwona utadhani panya aliyeshiba. Lakini nyayo zake zinanata! Jabali lililosimama wima kama ukuta yeye hulipanda pa! pa! pa! mpaka kileleni, na hakuna mwenye meno atakayemfikia huko.

Humo walikaa watatu: Mama Masika, Baba Masika, na Masika mwenyewe, mtoto wa kusimama na kuanguka, kuanguka na kusimama.

Ndani ya nyumba ile hakikuingia kitu chenye damu. Si nyama, si yai, hata maziwa hayakuvuka kizingiti. Walikula majani, mizizi, kunde na matunda. Sasa, mwenye mtoto mdogo hana muda wa kusimama jikoni akijiuliza leo tupike nini. Kwa hiyo kila wiki ilipoanza Mama Masika alitundika kamba ya mkonge mlangoni, akafunga majani saba. Jani la mchicha, hilo Jumamosi. Jani la mbaazi, Jumapili. Yakafuata la viazi vitamu, la kunde, la mlenda na la kisamvu, na mwisho kabisa jani la mgomba, Ijumaa, siku ya karamu.

Wote wakishakula, jani la siku linachumwa, na siku inaruhusiwa kwenda zake. Lakini hata mmoja asipokula, jani linabaki, na siku nayo inabaki. Mama Masika aliweka sheria hiyo ili chakula kisimwagwe. Hakujua anajitafutia balaa gani, maana mwenye kula kwa mwisho alikuwa Masika.

"Mchicha huo, mwanangu. Wa karanga. Mtamu!"

"Aa."

"Kidogo tu."

"Ptuu!"

Ukuta wote kijani. Kuna wakati jua lilichomoza na kuzama mara nne, na nyumbani kwa pimbi bado ni Jumamosi.

"Mke wangu," Baba Masika alilalamika, "mchicha huu umenitokea puani. Tuchume tu hilo jani."

"Sheria ni sheria. Mwanao amekataa, nifanyeje?"

Basi asubuhi moja, Baba Masika kaenda shamba, mama yuko jikoni anatwanga karanga, tu! tu! tu! Mlangoni ikasikika sauti nene.

"Hodi humu!"

"Karibu!" alijibu mama bila kugeuka. Lo, mama huyu! Ukishamkaribisha mtu umemkaribisha, huwezi kulirudisha neno mdomoni. Alipogeuka, ukungu uligawanyika na kichwa cha Fisi kikaingia, kikaujaza mlango mzima.

"Ahsante kwa kunikaribisha," alisema Fisi. "Nimesikia una mtoto."

"Umesikia kweli, Bwana Fisi."

"Nimekuja kumla."

Moyo wa Mama Masika ulilipuka pu! Yeye mwenyewe angeweza kupanda jabali mara moja. Lakini Masika? Nyayo zake bado zilikuwa laini. Kila asubuhi mama alimweka kwenye jabali, na kila asubuhi aliteleza sororo! mpaka chini. Na pimbi hupanda kwa miguu yote minne, hana mkono wa kubebea mtoto. Alihitaji muda tu. Angepata muda, mtoto wake angejifunza kupanda na kupona. Aliogopa, lakini sauti hakuiacha itetemeke.

"Hilo si neno, Bwana Fisi. Ila umewahi mno. Mtoto ni wa Ijumaa."

"Wa Ijumaa vipi?"

"Itazame kamba ile. Sisi hula kwa mpango. Leo Jumamosi, mchicha. Mtoto ni wa siku ya karamu, jani lile la mwisho. Halafu mwangalie, mifupa na manyoya tu! Muache ale majani sita, atanenepa. Ijumaa utakapomtafuna, mafuta yatakutiririka mpaka kidevuni."

Fisi alimeza mate, gudu! Mnamjua Fisi na tamaa yake.

"Siku sita tu?"

"Sita tu. Wote wakila, jani linachumwa. Nawe ukiwa mgeni wetu, utakula tunachokula."

"Mimi? Majani?"

"Mgeni hula alichokikuta."

Fisi akaketi mkekani. Baba Masika aliporudi na kikapu cha mboga akamkuta pale, kikapu kikamponyoka.

"Baba Masika," mkewe alimwambia haraka, "tuna mgeni. Atakaa mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ipi?" aliuliza.

"Ya kwenye kamba."

Baba Masika akaitazama kamba, akamtazama mwanawe mwenye mchicha puani, akaelewa. Hajawahi kumpenda mkewe kama alivyompenda wakati ule.

Kikapakuliwa chakula. Fisi alikula amekunja uso. Baba akala, mama akala. Ikafika zamu ya Masika.

"Aa," alisema Masika. "Ptuu!"

"Ooh, pole, Bwana Fisi," alisema mama. "Jani halichumwi. Bado Jumamosi."

Jua likazama, likachomoza. Mchicha. Ptuu! Jumamosi. Likazama, likachomoza. Mchicha. Ptuu! Jumamosi ikatandaza ukungu wake juu ya jabali, ikakaa. Ndege walipita polepole, na Fisi akawa hajui tena kama ameamka au anaota. Alianza kunung'unika.

"Mbona jua limezama mara nyingi?"

 Mama Masika alikwenda uani akarudi na jembe, akamwekea miguuni.

"La nini hili?"

"Mgeni siku mbili, Bwana Fisi. Siku ya tatu mpe jembe. Kuna magugu kule kwenye kunde."

Fisi aliliangalia lile jembe kama nyoka. Alikuwa mvivu, ashakum si matusi, mpaka kujikuna alimwachia mti.

"Siku ya tatu iko wapi?" alifoka. "Si mmesema leo Jumamosi? Mimi nimekuja Jumamosi! Hii ni siku yangu ya kwanza!"

"Una hakika?"

"Hakika kabisa! Jumamosi! Tena naapa!"

"Haya, umeapa mwenyewe," alisema mama, akarudisha jembe uani. Tangu hapo Fisi hakuweza kuuliza tena habari ya jua. Kila akitaka kufungua mdomo aliliona jembe, akaufunga.

Lakini mwenye njaa naye hufikiri. Fisi aliona wazi kwamba kilichokwamisha wiki nzima ni kinywa kile kidogo. Adhuhuri moja ya ukungu akachota mchicha kwa kijiko, akainama mbele ya Masika.

"Kipepeo huyo... anaruka... anatafuta nyumba... vuuu..."

Masika akatoa macho. Hajawahi kuona kipepeo mwenye meno makubwa namna ile nyuma yake.

"Hodi, kipepeo anauliza, nyumba iko wazi?"

Masika akafungua kinywa. Hamu! Akameza. Akacheka, akafungua tena.

Mama Masika alisimama pale na ufagio mkononi. Miezi yote amembembeleza mtoto huyu ale mchicha, leo kala bakuli zima, na mama yake machozi yanamtoka. Alifurahi na akaogopa kwa pamoja, moyo mmoja huo huo.

"Nimemaliza kazi!" Fisi alipiga kelele. Akanyanyuka, akalichuma jani la mchicha mwenyewe, chwap! Jumamosi ikaamka, ikajikung'uta, ikaondoka.

Basi wiki ikatembea. Si kwa kasi, maana mtoto ni mtoto. Mbaazi alizikubali mara moja. Viazi vitamu alivipaka kichwani jua likazama mara tano. Kunde alizipanga moja moja sakafuni, na Fisi akaziokota moja moja akiimba. Wimbo wenyewe haukuwa mzuri, lakini Masika aliupenda. Na Masika hakutaka tena kula amekaa chini kama watu. La! Alitaka kula akiwa juu ya Fisi.

"Juu!" aliagiza.

"Utakula ukiwa juu?"

"Juu!"

Akapanda mguu, akateleza. Akapanda tena. Akafika mgongoni, akala kijiko kimoja. Mlenda ulihitaji jua kuchomoza mara nane, na kila siku Masika alipanda zaidi: mguuni, mgongoni, shingoni, mpaka utosini katikati ya masikio mawili. Fisi alijifunza kukaza shingo ili mtoto asianguke, maana akianguka analia, akilia hali, na asipokula siku haiendi.

Mama Masika aliyaona yote. Jioni alimshika mwanawe nyayo, akazibonyeza kwa kidole. Zilikuwa zimeanza kunata. Lakini alipomweka kwenye jabali, sororo! akashuka. Sehemu ya chini ya jabali ilikuwa nyororo, imesuguliwa na migongo ya mababu na mababu. Kuanzia juu kidogo, kimo cha Fisi aliyesimama, jiwe ni la kukwaruza.

"Hatafika pale," Baba Masika alinong'ona. "Limebaki jani la kisamvu tu, kisha Ijumaa. Mke wangu, tutafanyaje?"

"Siku hiyo utampa mgeni nafasi ya heshima," mama alinong'ona naye. "Usiulize. Fanya tu."

Kisamvu Masika alikipenda mno. Alikila chote akaomba kingine, mjinga wa watu. Fisi akalichuma jani. Kwenye kamba likabaki jani la mgomba peke yake, likipepea. Ijumaa imefika.

"Leteni chungu," alisema Fisi asubuhi. Lakini sauti yake haikuwa nene kama zamani, siku nyingi za mboga zilikuwa zimemlainisha koo.

"Chungu kiko motoni," alijibu mama. "Lakini karamu ina adabu zake. Baba Masika, mpe mgeni nafasi."

"Pita hapa, Bwana Fisi," alisema baba, akamwongoza nje mpaka kwenye jabali. "Simama hapa, ubavu wako ugusane na jiwe. Hapa ndipo husimama wakubwa."

Fisi akavimba kifua, akasimama. Mama Masika akamweka mwanawe chini. Alitaka kumkumbatia, akajizuia, maana angemkumbatia asingemwachia.

"Masika," alisema, "nenda kwa mjomba."

Masika akakimbia, kidogo aanguke, akainuka, akacheka. "Juu!"

Akaukamata mguu wa Fisi. Akafika mgongoni. Akafika shingoni. Na Fisi, kwa mazoea tu, akakaza shingo na kuinua kichwa, akakituliza kabisa, asije mtoto akaanguka. Masika akasimama utosini. Mbele ya pua yake lilikuwa jiwe la kukwaruza. Akaweka mguu mmoja. Ukanata. Akaweka wa pili.

"Panda, mwanangu!" mama alilia kwa sauti. "Panda!"

Pa. Pa. Pa! Pa! Pa!

"We! We!" Fisi alipiga kelele akitazama juu. "Shika vizuri! Utaanguka! Shika hapo kulia!"

Masika akashika hapo kulia. Baba na mama wakapita kama upepo kila mmoja upande wake, na ndipo Fisi alipokumbuka kilichomleta. Akaruka. Kucha zikakwaruza jiwe nyororo, sororo! akashuka na kukaa chini pu!

Akaruka tena. Sororo! Juu kabisa, ukungu ulikuwa umefunguka, na pimbi watatu walikuwa wamekaa juani. Mama Masika alikuwa amemkumbatia mwanawe, analia waziwazi bila haya.

"Mmenidanganya!" Fisi alinguruma.

"Kwa lipi?" alijibu mama, akifuta machozi. "Nilikwambia mtoto ni wa Ijumaa. Ijumaa imefika, mtoto huyu hapa, mzima na amenenepa. Mfuate."

 Fisi alikasirika, tena aliumia, na aliyemwumiza zaidi ni yeye mwenyewe, kwa sababu alijua ni nani aliyemfundisha mtoto yule kupanda. Akaingia kwenye ukungu akaenda zake akicheka kile kicheko chake ambacho si kicheko, na mpaka leo hapiti chini ya jabali lenye pimbi bila kutazama juu.

Kisa changu kimeteremka, mimi sishuki nacho. Chukueni neno moja tu: ukikaa sana ukimvizia mnyonge, mwisho utakuwa ngazi yake.